Tairi Pana, Tairi Jembamba na Barabara za Mlima Kenya

Gari la kawaida la Nyeri lina kazi mbili ndani ya siku moja. Asubuhi linashuka kutoka Othaya, Mukurweini au Tetu kwa barabara ya udongo mwekundu, na muda mfupi baadaye liko kwenye lami pana inayoanzia Kenol, kupita Sagana, hadi Marua: kilomita 84 za njia mbili mbili ambazo zimewazoesha madereva mwendo ambao barabara ya zamani ya Karatina haikuuruhusu. Kazi hizo mbili ndizo zinazofanya swali la upana wa tairi liwe gumu huku kuliko katikati ya Nairobi. Anayeingia dukani Nyeri mjini, Karatina, Kerugoya au Nanyuki kununua matairi huulizwa saizi, na mara nyingi jibu lake linaongozwa na imani moja iliyokita mizizi, kwamba tairi pana linashika zaidi, popote na wakati wowote. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo ni kweli mahali pamoja tu, kwenye lami kavu. Kwa mwenye gari dogo anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, upana uliowekwa na kiwanda, au milimita kumi tu juu yake, ndio unaomfaa. Kinachomwokoa kwenye tope, mvua na mashimo ni meno, presha, kimo cha ubavu na ubora wa mpira, na hivyo vyote husahauliwa pesa zikiishia kwenye upana.

Tuanze pale tairi linapogusa ardhi. Chukua Toyota Fielder tupu, ambalo kila gurudumu linabeba kama kilo 300, na presha iwe psi 30. Hewa iliyo ndani ndiyo inayobeba karibu uzito wote, kwa hiyo ukubwa wa wayo wa tairi, yaani sehemu inayolala barabarani, hupatikana kwa kugawanya uzito kwa presha. Jibu ni takriban sentimita 140 za mraba, kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Toa tairi la milimita 175, weka la 205, uzito na presha vibaki vilevile, na wayo utabaki karibu sentimita hizohizo 140. Kinachobadilika ni umbo. Wayo wa tairi jembamba ni mrefu kufuata mwendo wa gari. Wa tairi pana ni mfupi na umetanda kando. Ugumu wa ubavu na wa nyuzi za ndani huisogeza hesabu hii kidogo huku na kule, lakini msingi wake hauondoki. Anayelipia upana hapati mpira mwingi zaidi chini ya gari lake, anapata mpira uleule uliopangwa kwa umbo jingine. Kwenye lami kavu umbo hilo lina faida ya kweli: halipindiki upesi kwenye kona, hujibu usukani haraka, na joto la breki kali husambaa kwenye mpira mwingi zaidi wa mzunguko mzima. Ndiyo maana magari ya mbio za lami huvaa matairi mapana. Swali ni kama faida hiyo inasafiri pamoja na gari hadi barabara nyingine.

Mvua ndiyo mtihani wa kwanza, na huku mvua si jambo la kubahatisha: huja Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, na miteremko inayotazama upande wa Embu, Chuka na Nkubu hupata nyingi zaidi. Maji yakilala juu ya lami, tairi lina sehemu ndogo mno ya sekunde ya kuyasukuma kando kabla halijaanza kuelea. Mwaka 1963 Walter Horne na Robert Dreher wa NASA, waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege, walionyesha kwamba pale maji yanapozidi uwezo wa meno kuyatoa, mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea zaidi presha iliyo ndani. Kanuni yao ukiigeuza kuwa kilomita, tairi lenye presha ya 30 huanza kuelea karibu na kilomita 91 kwa saa, la 25 kwenye 83, na la 20 kwenye 74. Itazame namba hiyo ya mwisho pamoja na kikomo cha kilomita 80 walichowekewa madereva wa matatu. Matatu yenye meno yaliyoisha na presha iliyoachwa ishuke kwa wiki kadhaa inaweza kuelea huku dereva akitii sheria kikamilifu. Upana haumo katika kanuni hiyo ya kwanza, lakini Horne mwenyewe baadaye alirudi kwenye umbo la wayo, na ushahidi ukaelemea upande wa wayo mrefu na mwembamba: hupasua maji machache kwa upana wake, na sehemu yake ya nyuma hukanyaga mahali ambapo sehemu ya mbele imeshafagia. Kwenye mabonde ya Sagana, ambako maji ya mvua ya jioni hujikusanya kando ya njia ya mwendo kasi, tairi pana ndilo lenye kazi kubwa zaidi, na likiwa kipara ndilo la kwanza kumwachia dereva mkono.

Udongo mwekundu ni mtihani wa pili, na hapa ndipo watu wa milimani wanapohitaji kufikiri kwa makini kuliko madereva wa kwingine. Udongo huu umetokana na miamba ya volkano, ni wenye kina na hupitisha maji vizuri. Mvua inaponyesha, sentimita chache za juu hugeuka utelezi ilhali chini yake, hasa pale murram iliposhindiliwa, kuna tabaka gumu. Tuliangalie gurudumu la mbele kwa karibu gari linaposhuka kuelekea daraja la kijito, barabara imeinamia upande wa mtaro. Tairi jembamba lenye meno marefu linasukuma tope kando yake, kingo za meno zinafika kwenye murram ngumu, na usukani unapata kitu cha kushikilia. Tairi pana lenye meno ya lami linakutana na tope lilelile kwa kifua kipana zaidi. Tope halina pa kwenda isipokuwa ndani ya mifereji ya tairi, na baada ya mizunguko michache mifereji imejaa na tairi limekuwa gurudumu laini jekundu. Dereva anakata kona, magurudumu yanakata kona, na gari linaendelea moja kwa moja kuelekea majani chai.

Msomaji makini atauliza: kama presha ni ileile na wayo una ukubwa uleule, kwa nini tairi jembamba lipenye na pana lisipenye? Jibu liko kwenye ukingo wa mbele. Kiasi cha tope kinachopaswa kuondolewa njiani hufuata upana wa tairi, na nguvu inayohitajika kulisukuma huongezeka pamoja nao. Kisha, kwa kuwa wayo wa tairi jembamba ni mrefu, mstari mmoja wa meno baada ya mwingine hukanyaga alama ileile, na mistari ya nyuma hupata ardhi iliyokwisha kusafishwa. Jambo hilohilo hutokea kiangazi, ambapo tatizo si tope bali kokoto. Januari na Februari murram huwa imekauka na kutoa vijiwe vya mviringo juu ya tabaka gumu. Tairi pana huelea juu ya vijiwe hivyo, na kwenye kona ya mteremko mkia wa gari huanza kucheza. Tairi jembamba huvisukuma kando na kufika chini.

Mashindano ya magari yanatoa ushahidi ambao hauna haja na maoni ya mtu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, hukimbiwa na magari yaleyale yanayokimbia kwenye lami za Ulaya. Katika miaka ambayo Pirelli ndiye aliyekuwa akiwapa matairi, gari hilohilo, injini ileile, lilivaa tairi la milimita 235 kwenye rimu ya inchi 18 kwa lami, na la milimita 205 kwenye rimu ya inchi 15 kwa changarawe. Upana ulipungua kwa milimita 30, rimu ikapungua kwa inchi tatu, na ubavu ukawa mrefu zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba matairi ya mashindano yana mpira wa kipekee na ubavu ulioimarishwa, na ni kweli. Anaweza kuongeza kwamba saizi huwekwa na kanuni za mashindano. Hilo nalo ni kweli, lakini kanuni hizo ziliandikwa na watu waliojifunza kwa miongo mingi gari linachohitaji kila ardhi inapobadilika, na hakuna aliyepanua tairi kwa sababu barabara imekuwa ya vumbi.

Si lazima kwenda hadi Naivasha. Tazama magari yanayofanya kazi ngumu zaidi huku kwetu. Land Cruiser ya pikap, ile inayotumika kwenye mashamba na hifadhi za Laikipia, imekuja kwa miaka na miaka na tairi la 7.50R16, upana wa inchi saba na nusu tu, yaani kama milimita 190, lakini refu kwenda juu. Suzuki Jimny ya injini ya lita moja na nusu huvaa 195/80R15, yaani upana wa milimita 195, ubavu wenye kimo cha asilimia 80 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Hiace inayobeba abiria 14 kati ya Nyeri na Nanyuki huvaa 195/80R15 pia, ya aina ya mizigo. Probox ya kuanzia mwaka 2014 ilitoka kiwandani na 155/80R14, tairi ambalo kijana mwenye gari jipya angelitazama kwa huruma. Wapo wanaosema kiwanda kiliweka tairi hilo kwa kubana pesa. Bei bila shaka ilikuwemo kwenye hesabu, lakini haielezi kwa nini mtengenezaji aliendelea kuweka tairi jembamba kwenye magari yanayouzwa hasa kwa sababu hayaharibiki, wala kwa nini magari hayo ndiyo yanayofika pale mengine yanapogeuzwa.

Suala la mzigo linastahili kukaa nalo, kwa sababu hapa imani ya upana hugeuka kuwa hatari. Kwenye ubavu wa kila tairi, baada ya saizi, kuna namba inayoonyesha uzito ambao tairi hilo limeruhusiwa kubeba. Tairi la Probox, 155/80R14, limeandikwa 88/86: namba 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, na 86 ni kilo 530 pale matairi yanapofungwa mawili mawili upande mmoja. Sasa chukua 175/65R14 la kawaida la gari dogo, ambalo wengi hulifunga kwenye Probox ili ionekane imesimama vizuri. Huwa limeandikwa 82, yaani kilo 475. Tairi ni pana zaidi kwa milimita 20, lakini uwezo wake umeshuka kwa kilo 85 kila gurudumu. Tena ni fupi: kipenyo chake ni milimita 583, ilhali lile jembamba lina 604, kwa hiyo gari limeshuka sentimita moja kuelekea mawe. Sababu ni kwamba uzito hubebwa na hewa na nyuzi zinazoizuia, na tairi la mizigo limeundwa kuhimili presha kubwa zaidi. Fikiria Probox hiyo imejazwa viazi kutoka Naro Moru, kabichi, au miraa kutoka Maua, ikishuka kwa kasi ili mzigo ufike ukiwa mbichi. Ubavu wa tairi la gari dogo hujikunja na kujikunjua maelfu ya mara, joto linapanda, na tairi linapasuka mchana mahali ambapo hakuna msumari wala shimo. Watu wa karibu watasema barabara ilikuwa moto, ilhali kosa lilitendeka dukani.

Haya hayamaanishi kwamba tairi jembamba hushinda kila ardhi, na hoja yangu ingekuwa dhaifu kama ingedai hivyo. Ukivuka Nanyuki kwenda tambarare za Laikipia, au ukishuka Mwea kwenye mashamba ya mpunga, udongo hubadilika kuwa mweusi, ule unaovimba kwa maji na kupasuka kwa jua. Udongo huo hauna tabaka gumu karibu na juu. Tairi jembamba linalotafuta sakafu halitaipata. Litazama hadi ekseli ilale kwenye tope. Tairi pana litaelea kwa muda, na mita chache hizo wakati mwingine zinatosha kufika kwenye majani. Hata hivyo udongo mweusi hunata na kuziba meno ya tairi lolote, na wenyeji wanaoujua husubiri jua badala ya kubishana nao. Mchanga wa laga, yaani mito mikavu, za upande wa Isiolo na Samburu ni hadithi inayofanana, lakini hata huko kinachofanya kazi kubwa ni kupunguza presha. Tairi likishushwa kutoka 32 hadi 18, wayo wake hukua sana kwa urefu na kidogo tu kwa upana, na ni urefu huo unaolibeba gari. Anayeishi Nanyuki na kufanya kazi ndani kabisa ya Laikipia ana sababu ya kufikiria tairi pana kidogo. Anayeishi Chinga au Gatarakwa hana sababu hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu maisha ya watu. Kilomita nyingi za gari ni za lami, mtu atasema, na ajali zinazoua hutokea kwenye lami kwa kasi kubwa, si kwenye tope kwa mwendo wa kilomita 15. Kwa nini basi tairi lichaguliwe kwa ajili ya kilomita nne za mwisho badala ya 100 za kwanza? Pingamizi hili lina uzito, na lingeshinda kama upana ungekuwa ndio unaoamua umbali wa kusimama kwa breki. Lakini sivyo. Lebo ya matairi iliyoanza kutumika katika Umoja wa Ulaya mwaka 2012 hupima breki kwenye lami iliyolowa, na tofauti kati ya daraja la juu na la chini, gari likitoka kilomita 80 kwa saa, inaweza kufikia mita 18. Hiyo ni tofauti inayoweza kupatikana ndani ya saizi moja, kati ya chapa moja na nyingine, kwa sababu ya mchanganyiko wa mpira na mpangilio wa meno. Milimita 20 za upana haziwezi kulikomboa tairi lenye mpira mbovu. Mwenye bajeti fulani huwa na njia mbili: tairi pana la mpira wa bei nafuu, au tairi la saizi ya kiwanda lenye mpira bora. Kwa pesa zilezile, la pili ndilo litakalomsimamisha kabla ya ng'ombe anayevuka Kiganjo jioni. Kuhusu lami, basi, jibu langu ni kwamba usalama wake unanunuliwa kwa njia nyingine, na upana wa kiwanda hauwekwi kwa kubahatisha: unalingana na uzito wa gari na breki zake.

Kwa sababu hiyohiyo sishauri mtu kuteremka chini ya saizi ndogo kabisa ambayo mtengenezaji aliiruhusu kwa gari lake. Gari zito lenye injini kubwa linahitaji mpira wa kutosha kustahimili joto la breki kwenye mteremko mrefu. Subaru Forester ya miaka ya 2013 na kuendelea ilitoka na 225/60R17 au 225/55R18. Kupunguza hadi 195 ili kupata mguu mwembamba ni kosa. Lakini mwenye rimu za 18 akihamia 17, mradi rimu inapita juu ya breki zake, anabaki na upana uleule wa 225 na kipenyo karibu kilekile, huku ubavu ukiongezeka kutoka milimita 124 hadi 135. Milimita 11 hizo za mpira ndizo zinazosimama kati ya rimu na ukingo wa shimo kati ya Mweiga na Nyahururu. Katika kazi ya kila siku ya barabara zetu, ubavu una thamani kuliko upana, na bahati mbaya ni kwamba rimu kubwa zinazopendwa huondoa ubavu kwanza.

Sasa tufike kwenye gari ambalo limejaa zaidi katika maegesho ya Nyeri, Toyota Axio na ndugu yake Fielder. Toleo la mwaka 2012 na kuendelea lilikuja na 175/65R15 kwenye rimu yenye upana wa inchi tano. Wamiliki wengi huhisi gari liko chini, na hapo ndipo saizi kubwa huingia: 185/65R15, 195/65R15, hata 205/65R15. Ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba wanachotafuta hasa si upana bali kimo, na wamelazimika kununua upana ili kukipata. Ile 65 ni kimo cha ubavu kikipimwa kwa asilimia ya upana. Ukipanua tairi na kuacha 65 palepale, ubavu unarefuka wenyewe. Hesabu yake ni hii. Tairi la 175/65R15 lina kipenyo cha milimita 608, la 185/65R15 lina 621, la 205/65R15 lina 647. Gari huinuka kwa nusu ya tofauti, kwa hiyo 185 inaliinua milimita sita na ushei, na 205 karibu 20. Milimita 20 ni kitu, lakini bei yake ni kubwa. Rimu ya inchi tano haikukusudiwa kubeba hata 195, ambayo huanzia inchi tano na nusu. Tairi hubanwa ukingoni, katikati yake hutuna, na huisha katikati kabla ya pembeni. Dashibodi ikisema 80, gari linakwenda 85. Injini ya lita moja na nusu, iliyokwisha kupungukiwa hewa kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,700, inalazimika kupanda Mukurweini ikiwa na gia iliyorefushwa kwa asilimia sita. Usukani ukikatwa wote, tairi huweza kukwaruza madgadi. 185/65R15 ndiyo mwisho wa busara kwa rimu hiyo: hukaa sawasawa juu yake, kipimo cha mwendo hukosea kwa asilimia mbili tu, na namba yake ya mzigo hupanda kutoka 84 hadi 88, yaani kutoka kilo 500 hadi 560. Ndiyo sababu nilisema milimita kumi, na si 30. Anayetaka kimo zaidi ya hapo anahitaji springi nzito au gari jingine.

Hali ya soko huwasukuma watu upande mwingine, na lazima ielezwe. Kiwanda cha Nairobi kilichoanzishwa na Firestone na baadaye kumilikiwa na Sameer Africa, kilichotupa matairi ya Yana, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Tangu hapo karibu kila tairi jipya la gari dogo linalouzwa huku limevuka bahari, na mwenye duka huagiza saizi zinazotoka haraka. Saizi nyembamba zisizo za kawaida zinaweza kukosekana Chuka au Kerugoya kwa wiki, ilhali 195/65R15 huwa ipo rafuni. Dereva mwenye haraka huchukua iliyopo. Nina ushauri mmoja kwa hilo, kuagiza mapema kabla ya Machi, kwa maana tairi la zamani huonyesha meno yake yanavyoisha miezi mingi kabla ya mvua kufika. Pia ni vizuri kusoma tarakimu nne zilizo ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari yanayotoka Japani, ambayo sheria inataka yasizidi miaka minane, wakati mwingine hufika na matairi ya theluji yaliyoandikwa STUDLESS. Meno yake ni mengi na huonekana yanafaa tope, lakini mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi kali. Kwenye lami ya Sagana saa nane mchana huisha upesi, na kwenye mvua hayasimamishi gari inavyopaswa.

Kwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kosa la saizi hudhuru hata kabla ya mvua. Desturi ya kununua mawili leo na mawili mwezi ujao, yakiwa ya upana au kimo tofauti, hulazimisha gia za katikati za Subaru au Toyota kuzunguka bila kupumzika zikijaribu kusawazisha tofauti ndogo ya kipenyo kati ya mbele na nyuma. Gharama ya kuzibadilisha hupita bei ya matairi mengi. Hata kwenye gari la magurudumu mawili ya mbele, kuweka mapana mbele na membamba nyuma, au kinyume chake, hubadilisha tabia ya gari kwenye kona, na dereva hugundua hivyo siku lami imelowa.

Lami inazidi kupanda vijijini, na mtu anaweza kuona kwamba hoja hii itapitwa na wakati. Barabara nyembamba za lami nyepesi zimefika kwenye vituo vya majani chai na viwanda vya kahawa ambako miaka kumi iliyopita malori yalifungwa minyororo ili yapande. Ni maendeleo ninayoyafurahia. Lakini barabara hizo ni nyembamba, zina kona kali, na lori linalotoka shambani huleta udongo mwekundu juu yake kwa magurudumu yake sita. Mvua nyepesi ya Julai ikiulowesha udongo huo juu ya lami, panapatikana utelezi mbaya kuliko wa barabara ya udongo, kwa sababu dereva ameshazoea kukimbia. Wayo mrefu wenye mifereji iliyo wazi na presha iliyokaguliwa asubuhi bado ndio unaopita hapo. Mwenye gari ambaye hatoki kwenye barabara kuu kabisa, anayelala Nyeri mjini na kufanya kazi Thika, anaweza kuchukua saizi pana zaidi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Wengine waanzie kwenye saizi ndogo ya kibandiko hichohicho, na pesa zinazobaki waziweke kwenye mpira bora na kwenye spea ya saizi ileile, kwa sababu pancha ya Othaya usiku haisubiri fundi afungue asubuhi.